Shimba Aliandikwa Mwovu

Violeth aliisikia sauti ile kwa mara ya kwanza akiwa kazini. Alikuwa mwalimu wa udereva mjini Shinyanga, na asubuhi hiyo alikaa kiti cha abiria pembeni ya mwanafunzi wake, muuza mchele mmoja aliyeitwa Mama Loveness. Walikuwa wamesimama kwenye barabara ya Ngokolo kupisha ng'ombe. Mama Loveness akachomoa simu pochini.

"Mwalimu, hii umeshaisikia? Imejaa kwenye magrupu yote."

Akabonyeza. Sauti ya mwanamume, nzito na ya taratibu, ikasema: "Shimo halifunguki bure. Linataka mtu. Tumwache mmoja humu ndani, sisi tutoke na tulichokifuata. Na mimi nimeshamchagua." Ikakatika hapo.

"Ni tajiri mmoja wa dhahabu upande wa Geita," Mama Loveness akaeleza. "Mchimbaji wake amepotea, Jilala anaitwa. Mama yake anazunguka machimboni na picha ya mwanawe. Sasa huyu hapa anakiri kwa mdomo wake kwamba amemtoa kafara."

Ng'ombe wa mwisho akavuka.

"Weka gia," Violeth akasema. "Tuondoke."

Hakusema kwamba sauti ile anaijua. Ilikuwa ya Athanas, na siku alipoyasema maneno hayo, Violeth alikuwa amekaa naye meza moja.

Kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, marafiki wanne walikutana sebuleni kwa Jignesh, juu ya duka la vifaa vya ujenzi alilorithi kwa baba yake. Walicheza mchezo ambao Jignesh aliujulia chuoni ukamkaa rohoni. Yeye alikuwa msimulizi. Wenzake watatu kila mmoja alikuwa na mhusika wake. Jignesh angesema, mmefika kwenye mlango wa pango, maji yanapanda, mnafanya nini? Nao wangejibu kwa sauti za wahusika wao. Jambo likiwa la kubahatisha, walirusha dadu yenye pande ishirini, nayo ikaamua nani kafaulu na nani kaanguka. Bhavna, mke wa Jignesh, aliwaletea chai ya tangawizi na kuwacheka.

Kila mhusika alikuwa na karatasi yake. Juu kabisa, chini ya jina, palikuwa na mahali pa kujaza mwelekeo: mwema, wa kati, au mwovu. Boaz, muuza pembejeo za kilimo na kiongozi wa kwaya, aliandika mwema bila kufikiri, akajiita Askari wa Nuru. Violeth alikuwa mwizi wa mifukoni, wa kati. Athanas, aliyekuwa na duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, huko Geita na kurudi Shinyanga kila mwisho wa wiki, alimwita mhusika wake Shimba, yaani simba kwa Kisukuma, akaandika mwovu.

"Kwa nini mwovu, kaka?" Boaz alimuuliza siku hiyo ya kwanza. "Mtu unakaaje ukachagua uovu?"

"Ni mchezo, Boaz."

"Najua ni mchezo. Nauliza kwa nini."

Athanas alicheka, akaomba aongezewe chai.

Basi Shimba akawa mwovu kwelikweli. Alidanganya, alisaliti, aliuza siri za wenzake kwa maadui. Lakini ugomvi mkubwa wa meza ile haukuletwa na Shimba. Ulitokea siku Askari wa Nuru alipochoma nyumba ya maadui ndani yake mkiwa na watoto. Jignesh aliweka kalamu chini akauliza kama mtu huyo bado ni mwema.

"Nilifanya kwa ajili ya nuru," Boaz akajibu. "Nia yangu ilikuwa safi."

"Watoto wameungua, Boaz."

"Watoto wa upande wa giza. Na mimi sikufurahia. Mwovu ni yule anayefurahia."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Athanas ndiye aliyemaliza. "Shimba angefanya hivyo," alisema, "mngemfukuza mezani." Tangu siku hiyo Boaz alikuwa akimtazama Athanas kwa namna ya mtu anayehesabu visu vya jikoni mgeni akishaondoka.

Sasa sauti ya Shimba ilikuwa kwenye simu za watu wote.

Somo lilipokwisha, Violeth alienda moja kwa moja dukani kwa Jignesh. Alimkuta akimpimia mteja nondo. Alipomwona tu, Jignesh akamwachia kijana wake kazi, wakasogea nyuma kwenye magunia ya saruji.

"Umeisikia," akasema Jignesh.

"Nimeisikia. Ilitokaje?"

Jignesh alikuwa na kawaida ya kurekodi mchezo kwa simu ili asisahau hadithi ilipofikia, kisha kuirusha kwenye grupu lao la watu wanne. Akaifungua rekodi nzima ya Jumapili ile. Sauti ya Athanas ikasema, na mimi nimeshamchagua. Papo hapo ikasikika sauti ya Jignesh: "Haya Shimba, rusha dadu." Dadu ikagonga meza, Bhavna akacheka kwa mbali.

"Wameikata kabla ya dadu," Violeth akasema.

"Nani amekata?"

Rekodi ilikuwa kwenye simu nne, na mwenye sauti hawezi kujichongea mwenyewe. Walibaki watatu. Violeth alimtazama Jignesh, akagundua kwamba naye anatazamwa.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Jignesh akauliza.

"Na wewe je?"

Simu ya Violeth ikaanza kulia mkononi. Athanas. Aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Baadaye ukaingia ujumbe: Dada Violeth, ulikuwepo. Njoo uwaambie hawa watu.

Aliusoma, asijibu. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliwaza. Jumapili ile Athanas alikuja na viatu vimejaa udongo mwekundu. Hakula. Alisema duara limeingia maji, na kwamba kuna mtu anamsumbua huko shimoni. Mtu gani? Wakati ule hakuna aliyeuliza. Violeth alikuwa amemfahamu Athanas miaka mingi, alimjua mkewe, aliwahi kulala kwao kwenye msiba wa mtoto wao. Lakini sasa kila alichokikumbuka kilikuwa na meno. Alivyocheka alipoulizwa kwa nini kachagua uovu. Alivyoifanya sauti ile iwe ya taratibu, kama mtu asiyeigiza. Siku ya pili simu ililia tena, na tena hakupokea.

Badala yake alienda kwa Boaz. Duka lake lilinuka dawa ya pamba mpaka nje. Boaz alimkaribisha kiti, akamuulizia watoto, akamuulizia gari la shule ya udereva kama limeshatengemaa.

"Boaz, ni wewe uliyeituma?"

Alipanga pakiti za mbegu juu ya kaunta.

"Nilimtumia mzee mmoja wa kanisa. Mmoja tu. Nilimwambia tuombe. Huko mbele ilikopelekwa, dada yangu, mimi sihusiki."

"Ulijua ni mchezo."

"Nilijua tulikuwa tunacheza. Sijui yeye alikuwa anafanya nini." Akainua macho. "Wewe una hakika? Weka mkono moyoni, Violeth. Jilala amepotea wiki ileile. Unaweza kuapa mbele ya Mungu kwamba Athanas hajui alipo?"

Violeth alitaka kusema ndiyo, akajikuta anatazama pakiti za mbegu.

"Unaona," Boaz akasema kwa upole. "Kama ni uongo, ataaibika kidogo yatapita. Kama ni kweli, nimeokoa mtu wa pili. Lipi ni bora?"

"Lakini ulikata dadu."

"Nilikata kelele."

Kesho yake habari zikafika kwamba kibanda cha Athanas huko machimboni kimechomwa moto, na yeye amepigwa na kuvunjwa mkono kabla mgambo hawajamtoa. Violeth alimpigia Jignesh, akamchukua na gari la shule likiwa bado na herufi L ya mwanafunzi mbele na nyuma, wakaondoka kupitia Tinde na Kahama. Njiani, mara moja tu, Jignesh aliuliza, "Na ikiwa kweli amefanya?" Violeth akabadilisha gia.

Walimkuta Athanas kwenye baraza la ofisi ya kijiji, mkono umefungwa kwa khanga na kuning'inizwa shingoni, mgambo wawili wamesimama naye. Uso ulikuwa umevimba. Uwanja ulijaa wachimbaji, wengine wametoka shimoni na udongo mwilini. Mbele, kwenye benchi, alikaa mwanamke mwembamba mwenye picha mapajani. Violeth alipiga goti kidogo kumsalimia kwa Kisukuma, kama mwana kwa mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone." Mama Jilala akamtazama. "Wewe ndiye uliyekuwepo?"

"Ndiye mimi."

Mwenyekiti wa kijiji aliwapa nafasi. Jignesh akaeleza mchezo ulivyo, akaicheza rekodi yote kwa spika ndogo aliyokuja nayo. Dadu iliposikika ikigonga meza, watu wakaguna.

"Hicho kinachorushwa ni nini?" mtu akauliza.

"Dadu. Ndiyo inayoamua."

"Inaamua nini? Nani afe?" Mwingine akadakia: "Hiyo si ndiyo ramli? Wamekaa wanne wanapiga ramli, halafu mtu anapotea. Mnataka ushahidi gani tena?"

Kelele zikapanda. Jignesh alitoa dadu mfukoni ili wajionee kuwa ni plastiki tu, ikawa amezidisha; waliokuwa karibu wakarudi nyuma kama ametoa nyoka. Mwenyekiti alipiga meza mpaka wakatulia, akamgeukia Violeth.

"Mwalimu, wewe unasemaje? Huyu bwana hana hatia?"

Violeth alimtazama Athanas. Athanas naye alimtazama, kwa jicho moja lililoweza kufunguka.

"Alichofanya huku sikijui," Violeth akasema. "Mimi nakaa Shinyanga. Ninachojua ni alichosema kule, na maneno yale hayakumhusu Jilala."

Athanas akainamisha kichwa. Violeth alijua alikuwa ametarajia zaidi ya hapo.

Mama Jilala akauliza, "Sasa yalimhusu nani? Huyo aliyechaguliwa abaki pangoni alikuwa nani?"

"Mimi, mayu. Mhusika wangu. Shimba alinichagua mimi."

"Ukafanyaje?"

"Alirusha dadu, akashindwa. Nikatoka mbio, nikamfungia yeye ndani."

Baadhi ya wachimbaji walicheka. Mama Jilala hakucheka.

"Halafu? Baada ya kutaka kukuacha ufe?"

"Tukanywa chai pamoja. Kisha akanirudisha nyumbani kwa gari lake, maana mvua ilikuwa inanyesha."

Yule mama akageuka polepole kwa Athanas. "Na wewe mtoto wa mtu, na dunia yote hii, kwa nini ukajipa ubaya?"

Athanas alijaribu kukaa vizuri, mkono ukamuuma.

"Mama, nimenunua gari, wakasema kafara. Nimejenga, wakasema kafara. Mtoto wangu alipofariki walisema nimemtoa mwenyewe. Nikikaa na watu najua wananitafuta uovu machoni. Pale kwenye mchezo nikaona niuandike mwenyewe, kabla mtu hajaniandikia. Ilikuwa nafuu. Ukishakuwa mwovu kwenye karatasi, hakuna anayekuchungulia."

Violeth hakuwahi kujua kwamba hata kifo cha mtoto yule kilisemwa.

Ndipo alipomwona Makoye. Alikuwa mchimbaji kijana aliyesimama ukutani, ambaye mwenyekiti alikuwa amemtaja kama mtu aliyelala chumba kimoja na Jilala. Kazi ya Violeth ilimzoesha kutazama miguu ya watu kabla ya nyuso zao. Mwanafunzi anayeogopa hukanyaga breki hata gari halijawashwa. Miguu ya Makoye ilikuwa imegeukia barabarani. Wenzake wote walipokuwa wakipiga kelele, yeye hakufungua mdomo. Na sasa walipotulia, alikuwa akijivuta taratibu kando ya ukuta.

"Kaka," Violeth akamwita. "Wewe ulimwona Jilala lini?"

"Nimeshawaambia polisi. Alitoka, hakurudi."

"Aliondoka na blanketi, kama mtu anayekwenda kulala mbali?"

Makoye akalamba midomo. "Blanketi la nini?"

Mama Jilala akasimama. Alimwendea mpaka wakakaribiana kabisa. "Makoye. Blanketi la mwanangu lenye mistari nililitafuta chumbani sikuliona. Nikadhani wameiba. Umekula ugali wangu tangu ukiwa mdogo. Niambie nimzike au nisimzike."

Kijana yule alitazama chini.

"Yuko hai," akasema. "Yuko Ushetu."

Kulikuwa na rashi, akaeleza, dhahabu mpya iliyoonekana porini nyuma ya mashamba ya tumbaku. Watu wachache tu walijua. Jilala alitangulia kushika eneo, yeye akabaki asije akashtukiwa. Mtandao wa simu huko hakuna. Walikubaliana asimwambie mtu yeyote, kwa sababu rashi ikijulikana, kufikia jioni watu wamejaa mpaka hakuna pa kuweka mguu.

"Na kibanda kilipochomwa?" mwenyekiti akamuuliza. "Na huyu alipovunjwa mkono?"

"Nilijua watapiga kelele tu, yaishe." Makoye alikuwa karibu kulia. "Mimi sikusema kwamba ni yeye. Mimi sikusema chochote."

Vijana wawili walipanda pikipiki kwenda kuhakikisha. Jilala akaletwa kesho yake, amechafuka, ana njaa, hajui lolote. Mama yake alimnasa kibao mbele ya watu, kisha akampeleka kwa muuza supu, akakaa akimtazama anavyokula. Mwenyekiti aliitisha mkutano wa kumwomba Athanas radhi. Hawakuja watu. Wengi wa wale waliochoma kibanda walikuwa wameshaondoka usiku huo kwenda Ushetu.

Boaz aliandika kwenye grupu: Mungu ni mwema, Jilala amepatikana. Hakuandika kingine. Jumapili iliyofuata alipanda ngazi za kwa Jignesh kama kawaida, karatasi yake ya Askari wa Nuru ikiwa ndani ya bahasha. Athanas hakuwepo. Bhavna alileta chai, na safari hii hakukaa.

"Hatuchezi leo," Jignesh akasema.

"Mmenikasirikia," akasema Boaz. "Naelewa. Lakini mngekuwa na ndugu shimoni mngefanya nilichofanya. Niliamini ni kweli."

"Mtu anayeamini ni kweli hana haja ya kukata," Violeth akasema. "Ungeituma nzima. Ulijua dadu ikisikika hakuna atakayekuamini."

Boaz alikunywa chai yake yote, taratibu, akaaga kwa adabu, akashuka. Walimsikia akimsalimia mtu huko chini kwa sauti yake ileile ya kwaya.

"Unadhani analijua?" Jignesh akauliza. "Alilofanya?"

"Sijui. Labda hata sasa anaona ameonewa."

Miezi ikapita. Siku moja Violeth alikuwa Tinde na Mama Loveness, ambaye sasa aliendesha vizuri na alikuwa akijizoeza barabara kuu. Walisimama kununua viazi vitamu. Gari la Athanas lilikuwa limeegeshwa mbele kidogo. Alishuka mwenyewe, akamfuata. Mkono ulikuwa umepona ila haukunyooka sawasawa.

"Dada Violeth."

"Kaka Athanas. Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Tunahamia Nzega. Duara nimeliacha." Alitazama wauza viazi, akarudisha macho. "Boaz simlaumu sana. Aliniona mwovu, akanitenda kama mwovu. Wewe nilikupigia."

"Najua."

"Siku mbili."

"Niliogopa."

"Uliogopa watu?"

Angeweza kusema ndiyo, na pengine angeaminiwa. "Nilikuogopa wewe," akasema.

Athanas aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa anakidai. "Afadhali umesema. Na sasa je?"

Violeth alitafuta jibu. Alijua jibu sahihi, lilikuwa jepesi, na mtu huyu alistahili kulipata upesi. Lakini alichelewa, kidogo tu, na Athanas akakuona kule kuchelewa. Alitabasamu, akamwambia awasalimie Jignesh na Bhavna, akarudi kwenye gari lake. Lori la pamba lilipita likawafunika kwa vumbi, na vumbi lilipotulia Athanas alikuwa ameshaondoka.

Mama Loveness alikuwa akimtazama, kiazi mkononi. "Ndiye yule? Wa sauti?"

"Ndiye."

"Kwa hiyo kweli hakufanya?"

"Hakufanya," Violeth akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, hata wauza viazi wakageuka. "Hakufanya lolote."